Walipima watu, wakasahau shimo: historia ya kazi na mwili katika machimbo ya Katanga na Lualaba

Mwaka 1955 kilitoka Ulaya kitabu cha Kifaransa juu ya kazi. Waandishi wake walikuwa wawili, André Ombredane na Jean-Marie Faverge, na jina lake lilikuwa L'analyse du travail, yaani uchambuzi wa kazi. Wataalamu wa nchi zinazosema Kifaransa wanaosomea namna ya kupatanisha kazi na mwanadamu bado wanakihesabu kitabu hicho kati ya misingi ya elimu yao. Wazo lake kubwa ni rahisi kulieleza. Anayetaka kuijua kazi aulize mambo mawili, wala asiyachanganye: kwanza, ni nini kinachotakiwa kufanywa, pili, wafanyakazi wenyewe wanakifanya namna gani. Karatasi ya mkubwa wa kazi inajibu swali la kwanza. La pili linajibiwa na mikono, mgongo na macho ya mfanyakazi, na mtu hawezi kulijibu akiwa amekaa ofisini.

Ni wachache hapa Kolwezi wanaojua kwamba huyo Ombredane alifika Kongo. Alikuwa Mfaransa, daktari na mwanasaikolojia, akifundisha Brussels. Katika miaka ile ya ukoloni wa Wabelgiji alikuja na picha na mitihani ya karatasi, akawapima Wakongo, Baluba wakiwemo, watoto kwa watu wazima. Ulaya aliandika juu ya kuichambua kazi. Huku mitihani yake ilimchambua mtu: ana akili ya namna gani, anaona nini katika picha, anaweza kujifunza kiasi gani. Mwanachuoni mmoja, miaka ileile, maswali mawili tofauti kwa watu wawili tofauti.

Jambo hilo halikuanza naye, wala halikwisha naye. Ukifuata historia ya shaba toka Union Minière mpaka mashimo ya Kasulo, utakuta kipimo kimewekwa karibu kila mara juu ya mtu, na ni mara chache sana kimewekwa juu ya shimo, gunia, ngazi au daraja.

Elimu yenyewe inaitwa ergonomia. Jina ni gumu kuliko kitu chenyewe. Mama anayechagua mchi unaolingana na urefu wake, au baba anayefupisha mpini wa jembe kwa ajili ya mtoto, tayari anaifanya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikuwa likipoteza ndege ambazo zilikuwa zimekwisha kutua salama. Rubani akiwa chini alitaka kurudisha mabawa madogo ya kupunguza mwendo, kumbe alikunja magurudumu, na ndege ikalala kwa tumbo. Wakubwa walisema marubani ni wazembe. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alikwenda kuangalia ndani ya ndege, akakuta swichi mbili zinazofanana zimewekwa pamoja, moja ya magurudumu na moja ya mabawa. Dawa aliyoitoa ilikuwa kubandika kigurudumu kidogo kwenye swichi ya kwanza na kipande chenye umbo la bawa kwenye ya pili, ili mkono ujue bila jicho kutazama. Tangu hapo, ajali inapotokea, mtu wa elimu hiyo haanzi kwa kumtafuta mwenye kosa. Anaanza kwa kutazama swichi.

Baada ya vita wataalamu wa namna hiyo walijikusanya. Uingereza walianzisha chama chao mwaka 1949, Marekani mwaka 1957 katika mji wa Tulsa, na wale wa lugha ya Kifaransa mwaka 1963. Chama cha Marekani kina matawi ya wanafunzi ndani ya vyuo vikuu, na matawi hayo ndiyo yanayostahili kutazamwa na vijana wa Lualaba. Ndani ya tawi moja unamkuta mwanafunzi wa uhandisi amekaa na wa saikolojia na wa afya. Wanakwenda kiwandani, wanapima urefu wa meza na uzito wa vyombo, wanahesabu mara ngapi mfanyakazi anainama kwa saa moja, wanamwuliza panapouma, halafu wanajaribu kubadilisha kitu kimoja na kupima tena. Wanaalika wafanyakazi waje kusema mbele yao. Si kazi ya fedha nyingi: mita, mizani, saa, daftari, na ruhusa ya kuingia.

Ruhusa ya kuingia ndiyo ilikuwa ngumu katika Katanga tangu mwanzo.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Nchi yenyewe ilikuwa na watu wachache kuliko tamaa ya kampuni. Mwaka 1910 iliundwa ofisi ya kuandikisha watu, Bourse du Travail du Katanga, na waandikishaji wake wakaingia vijijini mbali sana. Wanaume waliletwa kwa mikataba mifupi, wengi bila kupenda, wengine baada ya safari ya miguu ya majuma. Walilazwa kambini wakiwa wamesongamana, wakala chakula wasichokizoea, wakafanya kazi kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita wakiwa na nguo nyepesi. Waliugua nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo. Walikufa kwa wingi, na homa kubwa ya mwaka 1918 ikaongeza makaburi.

Kampuni ilijibu kwa kumpima mtu. Mwandikishwa alisimamishwa mbele ya daktari. Aliyeonekana ana nguvu alipita, aliyeonekana dhaifu alirudishwa. Katika hesabu ya kampuni hiyo ilikuwa akili, kwa sababu mgonjwa anakula na hachimbi. Lakini tazama vizuri kilichofanyika: kazi ilibaki ilivyo, akatafutwa mtu wa kuivumilia.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo yaligeuka kwa kiasi. Kupata watu kulikuwa kugumu na kwa gharama, kwa hiyo kampuni ikaona heri kuwaweka wale iliokuwa nao. Mwaka 1928 ikaanza mikataba ya miaka 3, wake wakaruhusiwa kuja, watoto wakazaliwa kambini. Mtu wa mbele katika mpango huo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 aliandika maelezo marefu ya siasa hiyo ya jamii na matunda yake kwa miaka 20. Haifai kuidharau kazi yake. Vifo vilipungua sana. Nyumba zilijengwa kwa mpango, posho ilihesabiwa, mama wajawazito waliandikwa, watoto walipimwa uzito. Wazee wengi wa Kolwezi wanazungumza juu ya kambi za zamani kwa sauti ya kuzitamani, na mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ametumia miaka mingi kusikiliza kumbukumbu hizo. Kitabu chake juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao kina jina linalosema yote, kwa sababu kampuni ilikuwa imejifanya baba.

Hata hivyo baba huyo alipima watoto wake kama mkulima anavyopima ng'ombe. Uzito ulipimwa ili nguvu isipungue. Na mtoto alipojibu, baba hakusikiliza: mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, wakati wa vita, wafanyakazi waligoma wakitaka mshahara uongezwe kwa sababu bei zilipanda. Tarehe 9 mwezi huo askari walipiga risasi juu ya wagomaji Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Mtu aliyehesabiwa posho yake kwa gramu alikuwa hana mahali pa kusema kazi inamwuma wapi.

Kolwezi yenyewe ilijengwa mwaka 1937 iwe makao ya machimbo ya magharibi ya Union Minière. Musonoi, Ruwe, Kamoto: majina hayo yalikuwa kwanza ya machimbo, ndipo yakawa ya mitaa. Baada ya vita mashine kubwa zikaongezeka. Kampuni ikahitaji mtu wa namna nyingine, mwenye kuendesha, kusoma mshale wa kipimo na kukumbuka utaratibu, tofauti na yule wa zamani wa kubeba na kupiga nyundo. Hapo ndipo wanasaikolojia walipoingia.

Katika miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na elimu. Watu kama Paul Verhaegen na J.-L. Laroche walifanya kazi huko, wakiwapa watoto na watu wazima wa Katanga mitihani ya maumbo: mchoro una sehemu iliyokatwa, chagua kipande kinachofaa kuijaza. Mtihani uliopendwa sana uliitwa Matrix 38, kwa sababu ulitengenezwa Uingereza mwaka 1938. Wazo lilikuwa kwamba maumbo hayana lugha, kwa hiyo yanampima kila mtu sawasawa, awe wa Bulaya au wa Bukama.

Wazo hilo lilianguka, na lilianguka kwa namna inayofaa kujulikana na kila mwanafunzi wa Lualaba. Ombredane na wenzake waliwapa Wakongo mtihani wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Alama zilipanda. Watoto walewale, akili ileile, na hakuna aliyewafundisha kitu kipya katikati. Kilichobadilika ni kwamba walikuwa wamekwisha kuizoea karatasi, kalamu, na jambo la ajabu la mzungu kukuuliza swali ambalo yeye mwenyewe analijua jibu lake. Tena matokeo ya kurudia yalipatana vizuri zaidi na maoni ya walimu juu ya watoto hao. Laroche naye alichunguza suala hilohilo kwa watoto wa Katanga, na uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 1959.

Maana yake ni nzito. Kwa miaka mingi watu wa shule kubwa walisema mwanadamu wa huku ana upungufu fulani ndani yake. Kumbe sehemu ya upungufu ilikuwa ndani ya mtihani. Ilikuwa swichi ya Chapanis kwa umbo lingine: chombo kimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelelewa kwingine, halafu anayekitumia analaumiwa. Ombredane alikufa mwaka 1958 na hakupata nafasi ya kulipeleka wazo la kitabu chake mpaka chini ya mgodi wa Katanga. Kama angeishi, labda. Wengine waliofanya kazi ya mitihani wakati ule hawakuwa na haya wala mashaka yake, wakaandika juu ya mtu mweusi mambo ambayo leo hayasomeki bila hasira.

Ukabaki upande mmoja ambao haukuchunguzwa: lile swali la pili la kitabu. Mtu wa Musonoi aliyeendesha mashine iliyotengenezwa ng'ambo aliifikiaje breki? Aliona nini nyuma yake? Zamu ya usiku alikaa macho kwa njia gani? Wafanyakazi walikuwa na majibu. Kila fundi wa Kolwezi alikuwa na ujanja wake, kipande cha mbao chini ya mguu, kitambaa juu ya mpini wa chuma, ishara ya mkono kwa mwenzake. Ujanja huo ulipita toka baba kwenda kwa mwana bila kuandikwa.

Elisabethville ilipata chuo kikuu mwaka 1956. Baada ya uhuru, na baada ya serikali kuichukua Union Minière mwanzoni mwa mwaka 1967 na kampuni kuja kuitwa Gécamines, ingewezekana hatimaye wanafunzi Wakongo waingie machimboni na daftari, wakichunguza kazi ya baba zao. Siasa iliamua vingine. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, Université Nationale du Zaïre, na masomo yakagawanywa kati ya miji. Saikolojia ikapelekwa Kisangani. Udaktari ukapelekwa Kinshasa.

Kwa mtu anayesoma tangazo la serikali hiyo ni hesabu ya madarasa. Kwa Katanga maana yake ilikuwa kwamba elimu ya akili ya mtu imekwenda kwenye mto Kongo, elimu ya mwili wake imekwenda mji mkuu, na shaba imebaki peke yake na wahandisi. Kijana wa Kolwezi aliyetaka kujua uchovu unafanya nini katika kichwa cha dereva ilimpasa asafiri zaidi ya kilomita elfu moja, mpaka mahali pasipo na mgodi wa shaba hata mmoja. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena kuwa vitatu, Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, lakini miaka 10 si midogo. Mazoea ya kukaa meza moja, mhandisi na daktari na mwanasaikolojia, hayakupata nafasi ya kuzaliwa wakati ambapo Gécamines ilikuwa bado na fedha ya kuyalipia.

Maana fedha ilikwisha upesi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1994 shaba yote ya kampuni haikufika tani 40,000. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna jambo ambalo familia nyingi zinazosoma hapa zinalibeba bado: mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni za reli majuma na miezi wakingoja garimoshi, na wengi walizika watoto palepale. Dhambi ya jambo hilo inajulikana. Hasara yake ndani ya machimbo inasemwa mara chache: kati ya waliofukuzwa walikuwamo mafundi waliojua mashine za Kolwezi kwa sauti yake, na ule ujanja usioandikwa ulipanda garimoshi pamoja nao. Miaka 10 baadaye, toka 2003, wafanyakazi wengine zaidi ya 10,000 walitolewa Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia, wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Hiari ya mtu mwenye njaa ni neno la kutafakari.

Basi watoto wa wachimbaji wa mashine wakawa wachimbaji wa mikono. Wakarudi kwenye sururu, nyundo, kamba na gunia, vyombo ambavyo babu zao wa mwaka 1911 wangevitambua mara moja. Tofauti ni kwamba babu alikuwa na daktari wa kumkataa mlangoni. Mjukuu hakuwa na yeyote.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilimtambua mchimbaji wa mikono, na kanuni zake zinakataza shimo kupita meta 30 kwenda chini. Hicho ni kipimo kilichowekwa juu ya shimo, jambo jema na la nadra. Lakini kila mkazi wa Kasulo anajua mashimo yaliyopita hapo. Mtu anashuka kwa kuweka vidole vya miguu katika vitundu vilivyochongwa ukutani, bila viatu, kwa sababu kiatu hakishiki. Hewa inapungua kadiri anavyoshuka. Mawe yanapanda kwa kamba inayovutwa na watu. Juu yanaingia katika magunia, magunia yanaingia mgongoni au kwenye baiskeli. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na vijana wabebe chini sana ya hapo. Mwezi wa kwanza 2016 Amnesty International pamoja na Afrewatch walitoa ripoti juu ya kobalti ya huku. Watoto waliosema nao walikuwa wakibeba mizigo ya kilo 20 hadi 40.

Ripoti hiyohiyo ilifika Kapata, kwenye ziwa Malo, ambako mama wanaosha mawe. Kazi yao haina shimo la kuporomoka, kwa hiyo redio haiisemi mara nyingi. Mama anasimama ndani ya maji, ameinama toka kiuno, mtoto mgongoni, anatikisa na kuchekecha saa nyingi. Hakuna ajali. Kuna mgongo unaokwisha kidogo kidogo.

Kasulo ilikuwa mtaa wa watu wanaolala na kupika. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, na mashimo yakafunguliwa katika viwanja, hata ndani ya nyumba zenyewe. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitolewa kwa kampuni ya Congo Dongfang, ikazungushiwa ukuta, na familia zikahamishwa. Anayehamishwa huwa anaulizwa nyumba yake ilikuwa na vyumba vingapi na bati ngapi. Haulizwi alitembea hatua ngapi mpaka mahali pa kazi, na sasa atatembea ngapi, na maji yako umbali gani toka mlango mpya. Hatua hizo nazo ni sehemu ya kazi, na mara nyingi ni mama anayezilipa.

Huko Kasulo kipimo cha mtu kiligeuzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mbele, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakazi, wakalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usio na mashimo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa Kasulo, hasa watoto, na kwa watoto hao zilionekana dalili za kuharibika kwa chembe za urithi. Daktari wa mwaka 1911 alimpima mtu ili kujua kama anaifaa kazi. Hawa walimpima mtu, kisha wakaonyesha kidole kwenye vumbi.

Na kulikuwa na mahali pamoja ambapo shimo lenyewe lilibadilishwa. Mutoshi, ambayo ni Ruwe ya zamani, toka 2018 kampuni ya Chemaf, mnunuzi Trafigura na shirika la Pact waliweka mpango pamoja na ushirika wa wachimbaji. Mashine ziliondoa udongo wa juu, ili mchimbaji asilazimike kushuka ndani sana. Eneo lilizungushiwa ua, watoto hawakuingia, kofia na viatu vilitolewa. Wanawake waliruhusiwa kuchimba, ingawa tangu zamani iliaminika kwamba mwanamke akikaribia shimo madini yanakimbia. Hayakukimbia. Wachimbaji wapatao 5,000 walipita hapo. Mpango ulikuwa na kasoro: mnunuzi mmoja, na manung'uniko juu ya bei, kwa sababu anayenunua peke yake anapanga peke yake. Mwezi wa tatu 2020 ugonjwa wa Korona uliusimamisha. Wachimbaji wakarudi walikotoka, kwenye mashimo ya zamani.

Miezi tisa kabla ya kusimama huko, tarehe 27 mwezi wa sita 2019, ukuta wa udongo ulikuwa umeporomoka ndani ya eneo la Kamoto Copper Company na kuua wachimbaji wa mikono zaidi ya 40. Baadaye askari walitumwa kuwatoa wachimbaji katika maeneo ya kampuni. Jibu lilikuwa juu ya watu tena. Halafu tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, huko Kalando, upande wa Mulondo, daraja la miti lililowekwa juu ya handaki lenye maji lilivunjika watu wakiwa wamejaa juu yake. Walikufa watu wasiopungua 32. Serikali ya jimbo ilieleza kwamba eneo lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua na wachimbaji waliingia kwa nguvu. Ripoti ya SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wa mikono, ilitaja milio ya risasi za askari na hofu iliyowakimbiza watu wote darajani kwa pamoja.

Maelezo yote mawili yanazungumzia mwenendo wa watu. Mtu wa elimu ya Chapanis angesoma yote mawili, kisha angeomba mita. Daraja lilikuwa na upana gani? Miti ilikuwa ya unene gani, imefungwa kwa nini? Kulikuwa na njia ngapi za kutoka katika shimo lile, na moja tu ikiwa ni daraja hilo, nani aliliona kabla ya siku ile na kunyamaza? Risasi inapolia kila mtu anakimbia, askari mwenyewe angekimbia. Hilo linajulikana kabla, kwa hiyo linaweza kupangiwa kabla.

Kolwezi sasa ina chuo kikuu chake, UNIKOL, kilichoanza kama tawi la Lubumbashi, na kila mwaka wanafunzi wanatafuta somo la memwari na mahali pa kufanya staji. Wengi wanaandika juu ya mashine, bei ya kobalti au sheria ya madini. Tawi la wanafunzi la namna ile ya Marekani likisimama hapa halitahitaji kungoja mlango wa kampuni kubwa ufunguliwe. Magunia yanapita barabarani kila asubuhi, mizani inaweza kuazimwa sokoni. Umbali toka mtaa wa waliohamishwa mpaka kazini unapimika kwa simu. Miteremko ya mashimo ya ushirika inapimika kwa kamba na jiwe, mchimbaji mwenyewe akishika upande mmoja wa kamba. Na Kapata, kwenye ziwa Malo, meza ya mbao ya kuoshea mawe, inayofika kiunoni, ni kazi ya seremala mmoja kwa siku moja. Kabla ya kuikata, itabidi waende kuwauliza mama wa pale kiuno chao kiko kwenye kimo gani, na kama wataweza kuibeba kurudi nyumbani jioni isiibiwe.